Sita, Yule, Nane

Seli zilikuwa kwenye ungo wa mama, zaidi ya themanini, na baba alinitazama nikizichambua kama mtu anayechambua maharage. Zilitoka ndani ya betri za laptop chakavu ambazo fundi mmoja wa Sirari huzinunua kwa mafungu na kuzipasua. Kila seli ilikuwa nene kidogo kuliko kidole gumba changu, imevaa plastiki ya rangi yake: kijani, bluu, waridi. Nilipima moja moja kwa mita ya umeme, nikaandika namba ubavuni kwa kalamu nzito, nikaiweka kwenye fungu lake. Nzima. Ya wasiwasi. Iliyokufa.

"Unagawa ndama," baba alisema.

"Nagawa umeme, baba."

"Ni kitu kimoja. Dume lenye nguvu na dhaifu huwafungi nira moja."

Nilitaka kumwambia kwamba si kitu kimoja, kisha nikaanza kufikiri kama kweli si kitu kimoja, na nikapoteza hesabu ya seli niliyokuwa nimeishika. Hivyo ndivyo wiki zile mbili zilivyoanza. Nilikuwa na shahada ya ualimu wa fizikia na hisabati, sina kazi, nimerudi Nyanungu kwa wazazi, na kila nilichokigusa kiligeuka swali. Mama huyaita maswali yangu inzi wa maziwa: huwezi kuwamaliza, unafunika kibuyu tu.

Kiharusi kilikuwa kimempiga baba mwaka uliotangulia. Kilichukua mguu na mkono wa kulia, na kwa namna ambayo sijaielewa mpaka leo, kikachukua pia Kiswahili chake. Kikurya kilibaki karibu chote. Kiswahili, ambacho alijifunza akiwa mtu mzima minadani, kilirudi vipande vipande, kama vyombo baada ya kuhama nyumba, nasi tukawa tunaongea naye lugha zote mbili zikichanganyika. Daktari alisema hutokea. Nilimuuliza kwa nini hutokea, akasema hutokea tu.

Kisha kikaja kiti. Kanisa lilipokea misaada, na humo kulikuwa na kiti cha magurudumu cha umeme, kimeshatumika huko kilikotoka, betri zake zimekufa. Hakuna aliyekitaka kwa sababu hakuna aliyejua kukifufua. Mimi nilisema najua. Nilikuwa nimeona video nne.

Baba alikuwa na sababu ya kukitaka. Mara ya mwisho alipokwenda ritongo, kikao cha wazee na wanakijiji kinachokaa uwanjani chini ya kilima, wapwa zangu wawili walimbeba mikononi. Mzee mmoja wa rika lake alimwambia, "Leo umeletwa kama bibi harusi." Watu walicheka, na baba alicheka nao. Nyumbani alisema hataenda tena mpaka ajipeleke mwenyewe. Sasa ritongo nyingine ilikuwa imepangwa baada ya wiki mbili, na jambo lenyewe lilikuwa njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Watu wa pande zote mbili walikuwa wameilima kidogo kidogo hadi ng'ombe wakawa wanapita mmoja mmoja kama wanafunzi wanaokwenda kunawa mikono. Njia hiyo ilipimwa zamani na babu yangu na wenzake, na baba, wakati huo kijana, ndiye aliyeshika fimbo ya kupimia. Wenzake wote wa siku ile wameshazikwa. Kama yeye hayupo, upana wa njia ungekuwa ule utakaosemwa na mwenye sauti kubwa.

Basi nikawa na wiki mbili.

Siku ya tatu nilimweleza baba mpango wangu, kwa kuwa aliuliza, na kwa kuwa ni raha kuulizwa. Nilimwambia seli moja ni dhaifu, kwa hiyo naziunganisha kumi kumi ubavu kwa ubavu ziwe safu moja yenye kudumu. Halafu safu zenyewe naziunganisha moja nyuma ya nyingine ili nguvu ya msukumo ipande hadi kiti kiridhike.

"Ni nira au ni msururu?" aliuliza.

Nilicheka, kwa sababu chuoni swali hilo lilituchukua vipindi kadhaa na baadhi yetu tulitoka bila jibu.

"Vyote viwili. Kumi wako nira moja. Halafu nira saba zinafuatana."

"Saba?"

"Saba."

Alitikisa kichwa akaridhika kabisa. "Nzuri," alisema.

Nakumbuka hilo "nzuri." Nililishangaa kidogo, maana nilijua mambo fulani ya nyumba yetu. Lakini nilikuwa na haraka.

Kuunganisha kulinichukua siku nne. Yule fundi wa Sirari aliniazima kifaa kidogo kinachovuta nguvu kutoka kwenye betri ya pikipiki na kubandika vipande vya nikeli juu ya seli kwa cheche moja kali, tap, tap. Mama alikataa nifanyie kazi hiyo ndani. Nilihamia nje, kwenye bati lililowekwa juu ya mawe, ndoo ya mchanga kando yangu, kwa sababu nilikuwa nimesoma jinsi seli hizi zinavyowaka zikikasirika na sikutaka kuwa mtu aliyechoma nyumba ya wazazi wake kwa elimu. Asubuhi ya siku ya nane betri ilikuwa tayari, bado haijafungwa utepe, safu zake wazi kama mbavu. Nilimwita baba aione. Tulimsukuma kwenye kiti mpaka pale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama." Huniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

Aliitazama kwa muda mrefu. Kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kinatembea hewani, safu kwa safu. Kikasimama. Kikarudi mwanzo. Kikatembea tena. Kisha akageuza uso kando, akasema kwa sauti ya chini neno ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake maisha yangu yote.

"Muhungate."

Ni saba kwa Kikurya.

Hapa lazima nieleze. Kwetu saba haitajwi. Sijui kama ni Wakurya wote. Nimewauliza wengi, na wapo wazee waliocheka wakasema ni mambo ya ukoo wenu, na wapo ambao hawakucheka. Baba alihesabu ng'ombe wake jioni langoni kila siku ya utoto wangu, na hesabu yake ilikwenda hivi: tano, sita, na yule, nane. Nilikua nikiamini "yule" ni namba. Darasa la kwanza mwalimu aliniita ubaoni nihesabu mpaka kumi, nikasema "sita, na yule, nane," darasa zima likaangua kicheko.

Na haikuishia hapo. Sita kwa Kikurya ni isansaba. Mwalimu alipotamka "saba," mimi nilisikia mkia wa sita. Mwaka mzima nikiambiwa andika saba, naandika sita, na mwalimu ananiuliza kama naona vizuri. Huenda ndiyo sababu nikasoma hisabati. Nilitaka kujua nani alikuwa amekosea.

"Uliniambia isansaba," baba alisema. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa afadhali.

"Nilisema saba, baba. Kwa Kiswahili."

"Nilikuuliza tena. Ukasema mara mbili."

"Ndiyo. Saba. Mara mbili."

"Ndiyo, isansaba," alisema, akanitazama kama mtu anayesubiri mwizi akiri mwenyewe.

Nikaelewa, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kiharusi kilikuwa kimemrudisha pale nilipokuwa darasa la kwanza. Kila nikisema saba, yeye alisikia sita. Hatukuwa na njia ya kulimaliza kwa maneno, kwa sababu neno la Kiswahili lilikuwa limevunjika, na la Kikurya halitajwi.

"Sikai juu ya hiyo," alisema. "Njia ya uwanjani ina mteremko."

"Baba, saba imemfanya nini mtu?"

"Kiti kinaitakia nini?"

"Kwa sababu seli moja ina volti tatu na nusu na ushee, na kiti kinataka ishirini na nne na zaidi kidogo."

"Kwa nini seli ina hizo tatu na nusu?"

"Ni kemia. Ndivyo madini yake yalivyo."

"Kwa nini yako hivyo?"

Nilifungua mdomo. Kuna mambo ya elektroni ningeweza kusema, na baada ya hayo mengine, lakini niliona mwisho wa barabara, na mwishoni palikuwa na mimi nikisema ndivyo yalivyo tu. Nikaufunga.

"Basi na saba ndivyo ilivyo," alisema baba. Alisema "saba," kwa Kiswahili, na mpaka leo sina hakika alimaanisha namba gani.

Nilijaribu sita. Niliondoa safu moja na kuunganisha nyaya bila kupitia kibao kinacholinda betri, jambo ambalo sipendi kulikiri, nikakaa kitini mimi mwenyewe. Kilitembea vizuri uani. Kwenye mwinuko wa langoni taa zake zikapepesa, kikazima, nikaanza kurudi nyuma taratibu huku mama akipiga kelele na kuku wakikimbia. Nikampigia fundi nikamuuliza habari ya nane.

"Madam, ukiweka nane utakaanga hiyo kiti," alisema. "Mambo ni saba. Kwani shida iko wapi?"

Nilimweleza. Alicheka mpaka nikaweka simu mbali na sikio.

"Sasa wewe na masomo yako yote! Si umwekee mzee ya nane ya maua? Zile seli zimekufa unazo?"

"Ninazo."

"Panga kumi, gundisha pembeni, usiunganishe waya. Mzee anahesabu nane, kiti inahesabu saba. Kila mtu anaenda nyumbani na furaha."

Mama, nilipomwambia, hakuona hata kwa nini nauliza. "Funika yote kwa utepe mweusi, useme nane. Atajuaje?"

Nililala na hilo siku mbili. Nimewahi kubishana na wachungaji kuhusu mafuta ya upako na waganga kuhusu hirizi, kwa hoja moja: kitu kisichofanya kazi hakiponyi kwa kuwa umekiamini. Sasa nilikuwa nimekaa nje juu ya gunia nikibandika seli kumi zilizokufa kwenye betri nzima, kwa uangalifu, nikizipanga rangi zipendeze. Nilikuwa natengeneza hirizi. Na nilikuwa naitengeneza vizuri.

Asubuhi ya ritongo nilimpelekea. Sikuifunga utepe mweusi. Sijui kwa nini. Labda nilitaka akamate uongo wangu ili nisiwe nimeusema. Alipitisha mkono wa kushoto juu ya safu, moja baada ya nyingine. Baada ya ya sita mkono uliruka hewani kidogo kama unavuka kijito, ukatua kwenye ya nane. Ukabaki pale.

"Hii ya mwisho inafanya nini?"

Jibu nilikuwa nimelitayarisha. Inasaidia zile nyingine. Lilikuwa jibu zuri.

"Haifanyi kitu, baba. Zimekufa hizo. Hazina hata waya."

"Umeziweka kwa ajili yangu."

"Ndiyo."

Alifikiri. Upande mmoja wa uso wake haujui tena kuonyesha kitu, na ule mwingine hakuniruhusu niusome.

"Ng'ombe aliyekauka maziwa, jioni unamhesabu au humhesabu?"

"Unamhesabu."

"Basi. Nifungieni."

Nilifunga betri chini ya kiti. Sikujua kama alikuwa amekubali, au amenihurumia, au alikuwa ananicheka. Mama aliniambia niache kufikiri nimletee kofia yake.

Alijipeleka mwenyewe. Nilitembea hatua tatu nyuma na mita mfukoni, nikisikiliza mota kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mwenye homa. Kwenye mwinuko wa langoni kiti kilinguruma, kikapunguza mwendo, kikapanda. Uwanjani wazee waligeuka kukitazama. Kisha yule yule wa bibi harusi akaita, kama kijana anayemwita kijana mwenzake:

"Mura! Hiyo gari ina leseni?"

"Leseni yangu ni huyu," baba alisema, akaninyooshea kidole. Watu walicheka, na safari hii nilijua kicheko kilikuwa cha upande wake.

Kikao kilikwenda kama vinavyokwenda. Walisema wenye mashamba, walisema wenye ng'ombe, walitukanana kwa heshima. Baba alipopewa nafasi alizungumza Kikurya, polepole, akitaja jiwe, mti uliokatwa, mahali babu yangu aliposimama. Na upana: fimbo ya babu, mara isansaba. Fimbo ile bado ipo, imetundikwa nyumbani kwetu, na wote waliijua. Katibu wa kikao alikuwa mwalimu kijana, mgeni kutoka nje ya mkoa. Mzee aliyekaa kando yake alikuwa anamtafsiria, lakini kwenye namba nilimwona katibu akiandika bila kusubiri, kwa furaha ya mtu aliyepata neno analolijua.

Mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kuinuka na kukung'uta nguo, alisoma: "Upana wa njia, fimbo saba."

Nilimtazama baba. Alitikisa kichwa: ndiyo, hivyo hivyo. Alisikia sita.

Nilisubiri mwanamume mmoja aseme. Wazee wawili walitazamana, nao Kiswahili wanakijua vizuri sana. Wote wawili wana ng'ombe wengi, wakanyamaza. Nilifikiria siku ambayo mwenye shamba ataupima ule mstari kutoka jiwe hadi shina la mti, aone ni sita. Hawatasema katibu alisikia vibaya. Watasema kiharusi kilimla na akili, tulikosea kumsikiliza. Na baba asingejua hata kosa lilikuwa wapi.

"Sita," nilisema. "Baba amesema sita."

"Huyu binti naye ni mzee siku hizi?" mtu alisema nyuma yangu.

"Mwache," alijibu yule wa bibi harusi. "Ndiye mafuta ya lile gari."

Katibu alitazama daftari lake, akanitazama mimi, akamgeukia baba. "Samahani mzee, ni sita au saba?"

Nilifumba macho. Hakukuwa na swali baya zaidi la kumuuliza mtu yule. Nilipofumbua, baba alikuwa bado anamtazama katibu, akiwa amekunja uso, kama aliyeulizwa ni sita au ni sita. Kisha akanitazama mimi, na nikaona kitu kikipita katika ule upande wa uso unaofanya kazi. Sijui alielewa nini. Labda alikumbuka jinsi nilivyokuwa nasema saba mara mbili. Aliinua mkono wake mmoja, akaufungua vidole vitano, akaufunga, akainua kidole kimoja. Akakiacha juu mpaka uwanja mzima ukakiona.

Katibu alikata, akaandika upya, akasoma kwa sauti. Sita.

Tulirudi nyumbani polepole, kiti mbele, mimi nyuma. Nusu ya njia alisimama.

"Mama."

"Naam baba."

"Zile zilizokufa zitoe. Nzito. Nimeziona mlimani, gari linalia."

Nilizunguka mbele nikamtazama. Nilihisi hasira na kicheko vikija pamoja. "Lakini baba, nikizitoa tutabaki na..."

"Usiitaje," alisema haraka, akasukuma kile kijiti cha mkono, kiti kikaondoka.

Nimemuuliza mara nyingi tangu siku hiyo. Kama shida ilikuwa namba, basi bado ipo, anakaa juu yake kila siku. Kama shida ilikuwa neno, mbona alikataa alipoona kwa macho, kabla mtu hajasema kitu? Na kama ilikuwa mimi, kwamba alidhani nimemdanganya, kwa nini hakusema? Hunijibu, "Maswali yako yana kupe." Mama anasema nifunike kibuyu.

Nilizitoa. Kiti kinapanda mwinuko bila kulia. Kila Jumamosi nafungua kifuniko na kupima safu kwa mita kuona kama ipo inayochoka kabla ya wenzake, na baba hukaa karibu akisikiliza. Naanza na ya kwanza, nasoma namba, nahamisha nyaya kwenye ya pili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Na yule.